Aliyetoa Taarifa: Kusoma Madaftari ya Vifo ya Kaunti za Marekani

Mwaka 1867 jimbo la Ohio, nchini Marekani, lilitunga sheria iliyoziagiza mahakama za mirathi za kaunti zake ziandike vizazi na vifo vya wakazi wote. Kazi hiyo ilibaki mikononi mwa mahakama hizo hadi Desemba 1908, serikali ya jimbo ilipoichukua. Kwa miaka hiyo 40 na ushee, kila kifo kilichofika masikioni mwa maofisa kilipewa mstari mmoja katika daftari kubwa la kurasa pana: jina la marehemu, tarehe ya kifo, kama alikuwa ameoa au kuolewa au ni mjane, umri wake kwa miaka, miezi na siku, mahali alipofia, mahali alipozaliwa, kazi yake, majina ya wazazi wake, rangi yake, na kilichomuua. Anayetafuta asili ya ukoo wake akikutana na mstari wa namna hiyo hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini wengi wanaousoma huusoma kana kwamba marehemu ndiye aliyeuandika, au kana kwamba sheria yenyewe ilisimama kando ya kitanda chake ikishuhudia. Hoja ya sura hii ni kwamba daftari la vifo ni maneno ya walio hai. Kila mstari una mtu aliyeusema, mtu aliyeuandika, muda uliopita kati ya kifo na kalamu, na sababu iliyomfanya msemaji afungue mdomo. Mpaka tumjue msemaji huyo, mstari huo bado hatujausoma. Na tukishamjua, hata daftari lenye makosa mengi hutupa zaidi ya tulichokwenda kukitafuta.

Tuanze na swali la kwa nini kazi hii ilikuwa ya kaunti. Serikali kuu ya Marekani haikuwahi kusajili vifo vya raia wake. Mamlaka hayo ni ya majimbo, na majimbo mengi yaliyasukuma chini, kwenye kaunti, ambazo leo ni zaidi ya 3,000. Kule kaskazini-mashariki, katika majimbo ya New England, kazi hiyo ilikuwa ya miji. Koloni la Massachusetts Bay liliamuru usajili wa vizazi, ndoa na vifo tangu 1639, na jimbo la Massachusetts likaanza kukusanya taarifa hizo mahali pamoja mwaka 1841. Kwingineko kila jimbo lilikwenda kwa mwendo wake. Kentucky ilitunga sheria yake 1852, Virginia ikafuata 1853, Ohio na Michigan 1867, Illinois 1877. Missouri ilianza 1883, ikachoka baada ya miaka 10, ikaifuta sheria yake, na haikurudi kwenye usajili kamili hadi 1910. Georgia ilingoja hadi 1919. Mwaka 1900 eneo ambalo serikali kuu ilitambua rasmi kwamba takwimu zake za vifo zinaaminika lilikuwa na majimbo 10 tu na wilaya ya mji mkuu Washington. Jimbo la mwisho, Texas, liliingia mwaka 1933. Maana yake ni hii: mtu aliyefariki mwaka 1885 anaweza kuwa na mstari wenye majina ya wazazi wake wote wawili, na ndugu yake aliyefariki wiki hiyohiyo ng'ambo ya mto, katika jimbo jirani, asiwe na chochote. Hakuna ofisi moja ya kuiandikia barua. Kwa hiyo mtafiti analazimika kujua kwanza historia ya sheria ya mahali, na ndipo amtafute mtu.

Sheria hutuambia nini kilitakiwa kufanyika. Jinsi kilivyofanyika ndiyo habari yenye uzito. Katika Michigan, kwa mfano, karani wa kaunti hakuwa akingoja wafiwa waje ofisini. Ofisa wa kila mji mdogo, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kukadiria mali kwa ajili ya kodi, alipita nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, akiuliza pamoja na mengine kama kuna aliyefariki humo katika mwaka uliotangulia. Alipeleka orodha yake kwa karani wa kaunti, karani akainakili katika daftari lake, kisha akatoa nakala nyingine kwa ajili ya makao makuu ya jimbo. Hebu tuufikirie utaratibu huo kwa utulivu. Mtoto aliyefariki Januari angeweza kuulizwa habari zake zaidi ya mwaka mmoja baadaye, kwa mama aliyekwisha kuzaa mwingine, au kwa mpangaji mpya ambaye hakuwahi kumwona. Familia iliyohama katikati ilihama na kifo chake. Hakuna aliyebaki wa kukisema. Jina lililosikika mlangoni kwa lafudhi ya Kijerumani au ya Kiairishi liliandikwa jinsi lilivyosikika, likanakiliwa na mkono wa pili, kisha wa tatu. Virginia nayo ilimtwika mzigo huo kamishna wa mapato wa kila wilaya, aliyeandika vizazi na vifo katika ziara zilezile za kukadiria kodi, nayo Kentucky ilifanya vivyo hivyo kwa wakadiriaji wake. Si ajabu basi kwamba familia iliyomkwepa mtoza kodi imemkwepa na mwanahistoria.

Illinois ilijaribu njia nyingine: sheria yake ya 1877 iliwataka madaktari wapeleke taarifa za vifo kwa karani wa kaunti. Taarifa hizo ziko karibu zaidi na tukio, na sababu ya kifo inatoka kwa mtu aliyesomea. Lakini daktari aliyeitwa saa za mwisho alijua machache kuhusu alikozaliwa mgonjwa wake, na pengine hakujua lolote kuhusu wazazi wake. Hivyo daftari la mkadiriaji kodi na daftari la daktari, ingawa safu zake zinafanana, hayana nguvu mahali pamoja. La kwanza lina nguvu kwenye undugu na udhaifu kwenye tarehe; la pili ni kinyume chake. Mtafiti asiyejua tofauti hiyo atayapa yote mawili uzito sawa, na kosa lake halitaonekana kwa macho, kwa kuwa karatasi zote mbili zinaitwa rekodi za kaunti.

Hata ndani ya mstari mmoja, safu hazilingani. Tarehe na mahali pa kifo ni mambo ambayo mtu wa nyumbani aliyashuhudia. Umri ni jambo lililohesabiwa. Mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi ni mambo aliyoyasikia kwa mwingine, mara nyingi kwa marehemu mwenyewe, na pengine miaka mingi nyuma. Vyeti vya kifo vya karne ya 20 vinatusaidia hapa, maana vina nafasi maalumu ya kuandika jina la mtoa taarifa. Madaftari ya zamani mara nyingi hayana, nasi tunabaki kukisia kutokana na sheria na utaratibu. Chukua mwanamke aliyezaliwa Ireland katika miaka ya 1830 na kufariki Ohio akiwa na miaka 70 na kitu. Mume wake ametangulia. Anayemjibu ofisa ni mkwe wake, mume wa binti yake wa mwisho. Mkwe huyu anaijua siku ya kifo bila shaka yoyote. Jina la ukoo wa mama mkwe wake kabla ya kuolewa anaweza kulijua au asilijue. Jina la mama yake mama mkwe, mwanamke aliyebaki kijijini ng'ambo ya Atlantiki, atalijua kwa njia gani, isipokuwa kama liliwahi kutajwa mezani? Lakini safu ipo, na ofisa anangoja kuijaza. Palipo na nafasi tupu na mtu anayengoja, jibu hupatikana.

Umri unastahili neno la ziada, kwa sababu unadanganya kwa usahihi wake. Daftari likisema mtu alifariki 14 Machi 1878 akiwa na miaka 63, miezi 4 na siku 9, mtafiti hutoa hesabu hiyo na kupata kuzaliwa 5 Novemba 1814. Tarehe hiyo ni nzuri, na huingia moja kwa moja kwenye mti wa ukoo. Lakini kuna mtu aliyetangulia kuhesabu, kutoka tarehe ya kuzaliwa aliyokuwa nayo kichwani au kwenye Biblia ya familia hadi tarehe ya kifo, na hesabu ya kutoa miezi isiyolingana siku ni rahisi kukosea. Tunapoirudisha nyuma tunachukua kosa lake na kuongeza letu. Afadhali kuandika kwamba alizaliwa yapata Novemba 1814, na kueleza tarehe hiyo imetoka wapi. Kwa upande mwingine, umri ulioandikwa miaka 60 au 75 kamili, bila miezi, unatuambia waziwazi kwamba hakuna aliyehesabu. Hiyo nayo ni taarifa: katika nyumba ile hapakuwa na karatasi ya kutazama.

Kuhusu sababu ya kifo nitapita haraka. Orodha ya kimataifa ya sababu za vifo, iliyotayarishwa na Jacques Bertillon, ilitoka 1893, na ilichukua muda kufika katika kaunti za vijijini. Kabla yake, na hata baada yake, daftari linataja kuota meno kama kilichomuua mtoto, kuvimba mwili kama kilichomuua mzee, na uzee wenyewe kama ugonjwa. Majina hayo yanaeleza kilichoonekana na wafiwa. Yasitumike kujenga historia ya kitabibu ya ukoo. Yanafaa zaidi yanaposomwa kwa wingi: watoto watatu wa nyumba moja waliokufa ndani ya wiki mbili kwa dondakoo ni jambo ambalo hakuna daktari wa leo anayehitaji kutufafanulia.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: kama madaftari haya yamejaa uvumi, makadirio na makosa ya kunakili, kwa nini tusiyaache? Kuna mawe ya makaburi, kuna Biblia za familia zenye ukurasa wa vizazi na vifo, na kuna wazee. Ni pingamizi lenye nguvu, hasa kwetu tuliolelewa katika jamii ambazo nasaba hukaa vichwani na ndimini mwa watu, na mtoto hufundishwa kuhesabu babu zake kabla ya kufundishwa kusoma. Jibu langu ni kwamba vyote hivyo navyo ni maneno ya walio hai, na kila kimoja kina upungufu wake. Jiwe lilichongwa kwa aliyeweza kulilipia, pengine miaka kadhaa baada ya mazishi, fedha zilipopatikana. Ukurasa wa Biblia ambao matukio yake ya miaka 50 yameandikwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja uliandikwa siku moja, kwa kumbukumbu. Na simulizi za wazee, ambazo nazithamini sana, huhifadhi jina na heshima ya mtu vizuri kuliko zinavyohifadhi mwaka wake.

Mfano mkubwa wa jambo hili unajulikana na wengi. Mwandishi Alex Haley alipochapisha kitabu chake Roots mwaka 1976, alifuata masimulizi ya familia yake hadi kwa Kunta Kinte wa Gambia, aliyefikishwa Annapolis mwaka 1767 kwa meli iliyoitwa Lord Ligonier na kupewa jina la Toby huko Virginia, katika mali ya familia ya Waller. Mwaka 1981 Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walichapisha uchunguzi wao wa nyaraka za Virginia, na wakaonyesha kwamba Toby wa akina Waller alikuwa amekwisha kuandikwa huko kabla ya meli hiyo kutia nanga. Wako waliolichukua jambo hilo kama ushindi wa karatasi dhidi ya mdomo. Mimi sioni hivyo. Masimulizi ndiyo yaliyomwongoza Haley hadi Virginia. Bila hayo asingejua afungue daftari la nani. Kosa lilikuwa kuuchukua ushahidi wa aina moja na kuufanya ubebe kitu ambacho haukuumbwa kukibeba. Kosa hilohilo hufanywa kila siku na wanaolipa daftari la kaunti mamlaka ambayo halina.

Na hapo Virginia ndipo madaftari ya kaunti yanapoonyesha thamani yake yote, na uchungu wake wote. Sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha maalumu za watumwa, na katika orodha hizo watu hawakutajwa kwa majina. Waliandikwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza ya taifa iliyowaorodhesha kwa majina wote waliokuwa watumwa. Kwa mamilioni ya Wamarekani weusi wanaotafuta jadi zao, mwaka huo ni ukuta. Lakini sheria ya Virginia ya 1853 ilitaka kamishna wa mapato aandike vifo vya watu huru na vya watumwa pia. Kwa hiyo, katika miaka iliyotangulia uhuru, kuna mistari inayotaja mwanamke mtumwa kwa jina lake, siku aliyofariki, umri wake uliokadiriwa, na jina la aliyemmiliki. Ukuta una mlango hapo, na mlango huo ni kifo.

Sasa tuulize swali letu: nani alitoa taarifa? Kwa kawaida ni mmiliki. Kamishna aliyekuja kukadiria mali yake alimuuliza pia ni nani kati ya watu aliowahesabu kama mali amekufa. Maswali yote mawili yalitoka katika kazi ileile. Tukilijua hilo, mstari unaanza kusema kwa namna nyingine. Umri umetajwa, kwa kuwa umri ulikuwa sehemu ya bei. Jina la ukoo mara nyingi halipo, ingawa kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba watu wengi walikuwa na majina ya ukoo waliyoitana wenyewe kwa wenyewe bila mabwana kuyajali. Ukifungua daftari la vizazi la kaunti hiyohiyo na miaka hiyohiyo, utaona mtoto akiandikwa pamoja na mama yake na mmiliki, na baba hatajwi. Ukimya huo haukutokana na kutojulikana kwa baba. Sheria ya Virginia ya 1662 ilikuwa imeamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, mama akiwa mtumwa na mtoto ni mtumwa; mama ndiye aliyethibitisha umiliki wa mtoto, na baba hakuongeza kitu katika hesabu za bwana. Nafasi iliyo tupu inatueleza habari za aliyeijaza. Haituelezi habari za familia ile. Mtafiti anayeandika katika mti wake kwamba baba hakujulikana amekubali kuona kwa macho ya mmiliki, bila kukusudia.

Na bado, ushahidi wa mtu huyo tunauchukua. Tunauchukua kwa sababu unamweka mama fulani na mtoto fulani chini ya paa fulani katika mwaka fulani, na kwa sababu jina la mmiliki linafungua makabati mengine katika jengo lilelile la mahakama: wosia wake, orodha ya mali iliyotengenezwa alipofariki, hati za mauzo, mgawanyo wa urithi kati ya watoto wake. Hapo ndipo jina lililoonekana mara moja katika daftari la vifo laweza kuonekana mara ya pili na ya tatu, likihama kutoka kwa mmiliki kwenda kwa binti yake, likiwa na watoto au bila. Kazi hii ni nzito kwa moyo. Yanayosomwa ni mahesabu ya watu waliouza watu. Lakini mtoto aliyekufa mwaka 1856, ambaye sensa isingemtaja kwa jina, ana jina lake hapa, na huenda hakuna mahali pengine pa kulipata. Sioni hoja ya usafi wa ushahidi inayoweza kutufanya tumwache.

Kuna pengo la pili ambalo madaftari ya kaunti huliziba, nalo linawahusu watu wa kila rangi. Januari 1921 moto ulizuka katika jengo la Wizara ya Biashara huko Washington, na sehemu kubwa ya karatasi za sensa ya 1890 ikateketea au kuharibika, na mwishowe karibu zote zikapotea. Kati ya sensa ya 1880 na ile ya 1900 kuna miaka 20 ambayo taifa zima limekuwa kimya. Mtoto aliyezaliwa 1882 na kufariki 1892 hayumo katika sensa yoyote ya taifa iliyobaki. Lakini sensa ya 1900 ilimuuliza kila mama swali ambalo mtafiti anapaswa kulishukuru: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai? Mama akijibu 9 na 6, kuna watoto watatu ambao familia iliyofuata huenda haikuwahi kusikia habari zao. Mtu anayefuata ndoa na urithi tu hatawatafuta kamwe. Anayelifungua daftari la vifo la kaunti, mwaka baada ya mwaka, jina la ukoo baada ya jina la ukoo, anaweza kuwapata. Na akiwapata, huelewa mambo ambayo yalionekana hayana maelezo, kama vile kwa nini familia ilihama ghafla, au kwa nini jina moja limepewa watoto wawili. Jibu la mama kwa karani wa sensa na mstari wa mkadiriaji kodi ni maneno ya nyakati mbili tofauti, pengine ya watu wawili tofauti, na yanapokutana yanathibitishana kuliko nakala 10 za cheti kimoja.

Pingamizi jingine huja kutoka upande wa pili, kwa wale wanaoyaamini madaftari kupita kiasi: kama mtu hayumo, basi hakufia hapo. Hoja hii imepoteza ndugu wengi. Tumeona kwamba aliyehama kabla ya ziara ya mkadiriaji hakuandikwa. Hata mwaka 1900 na baadaye, jimbo lilitakiwa kuonyesha kwamba linasajili angalau asilimia 90 ya vifo vyake ili liingie katika eneo la takwimu, na majimbo mengi yalikaa nje kwa miaka mingi kwa kutoweza kufika hapo. Tena, kifo huandikwa mahali kilipotokea. Mkulima aliyefia hospitali ya wagonjwa wa akili ameandikwa katika kaunti ya hospitali, hata kama amezikwa kwao. Mipaka nayo haikutulia. West Virginia ilijitenga na Virginia mwaka 1863 katikati ya vita, kwa hiyo mtu anaweza kuwa alizaliwa na kufa katika nyumba ileile na kuonekana chini ya majimbo mawili. Mji wa St. Louis ulijitenga na kaunti ya jina hilohilo katika miaka ya 1870. Na moto haukuishia Washington. Moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871 uliteketeza nyaraka za kaunti ya Cook, na katika Virginia ziko kaunti ambazo watafiti huziita kaunti zilizoungua. Kutokuonekana kwa jina ni ushahidi pale tu mtafiti anapoweza kueleza daftari lilijazwaje, na nani, kwa miaka ipi, na kama kurasa zake zote zipo. Asipoweza, ametafuta tu, na hajapata. Kabla hajakata tamaa, atazame orodha za vifo zilizoambatana na sensa za 1850, 1860, 1870 na 1880, ambazo ziliuliza ni nani aliyefariki katika nyumba ndani ya miezi 12 kabla ya tarehe 1 Juni. Ni mwaka mmoja katika kila 10, lakini mwulizaji alikuwa mtu mwingine, na huenda alifungua mlango ambao mkadiriaji aliupita.

Siku hizi kuna wanaosema kwamba kazi yote hii imekwisha kufanywa kwa niaba yetu. Chama cha nasaba cha Utah, kilichoanzishwa 1894, kilianza kupiga picha za filamu ndogo za nyaraka mwaka 1938, na mrithi wake, FamilySearch, ameweka mamilioni ya kurasa kwenye intaneti, zikiwa na faharasa zilizochapwa na watu wanaojitolea. Hifadhi ya nyaraka ya Missouri huonyesha bure picha za vyeti vya kifo kuanzia 1910, vilivyotimiza miaka 50. West Virginia imefanya hivyo kwa madaftari ya kaunti zake. Ni neema kubwa, na anayeishi Mombasa au Muscat mwenye jamaa waliozikwa Ohio anaweza leo kuufikia ukurasa ambao zamani ungemlazimu kupanda ndege. Lakini faharasa si daftari. Aliyeichapa alichagua safu chache, na mara nyingi aliyoiacha ni ile ya mtoa taarifa, au ya sababu ya kifo, au ya makazi. Zaidi ya hayo, faharasa huutoa mstari katika ukurasa wake. Katika ukurasa ndipo tunapoona kwamba mwandiko ni mmoja toka juu hadi chini na wino haubadiliki, yaani karani alinakili mwaka mzima kwa siku chache. Au kwamba kila mzee katika mji huo mdogo ameandikwa kuwa alizaliwa Pennsylvania, jambo linalotufanya tushuku kwamba ofisa aliacha kuuliza. Faharasa itumike kuupata ukurasa. Kisha ukurasa usomwe wote, pamoja na ule unaoutangulia na ule unaoufuata.

Tuchukue mgongano mmoja wa kawaida, tuone kanuni hii inavyofanya kazi. Dada wawili wa baba mmoja wamefia katika kaunti moja. Mkubwa alifariki 1879, akiwa na miaka 40, na daftari la kaunti linataja jina la mama yake. Mdogo alifariki 1915, na cheti chake cha jimbo kinataja jina jingine kabisa la mama. Cheti cha 1915 kimechapwa vizuri, kina sahihi ya daktari, na kinamtaja mtoa taarifa: mjukuu. Mtafiti mwenye haraka atakiamini cheti hicho kwa sababu ya sura yake. Lakini mjukuu hakuwahi kukutana na mama mzazi wa bibi yake, anasema alichosikia. Mwaka 1879, dada mkubwa alipofariki, nyumba alimofia ilikuwa bado na mumewe, aliyekuwa ameishi jirani na wakwe zake, na sensa ya 1880 inamwonyesha papo hapo, mjane, pamoja na watoto. Aliyemjibu mkadiriaji kodi, kwa uwezekano mkubwa, ni yeye. Kuhusu jina la mama mkwe wake ana nguvu kuliko mjukuu wa miaka 36 baadaye. Basi jina la 1879 linashika nafasi ya mama mzazi. Lile la 1915 halifutwi. Mjukuu hakulibuni, kuna mwanamke ambaye bibi yake alikuwa akimwita mama na kumsimulia. Yawezekana ni mama wa kambo, aliyemlea mdogo baada ya mzazi kufariki, na kama ni hivyo, baba yao alioa mara ya pili wakati binti mdogo angali mtoto. Daftari la ndoa liko katika jengo lilelile la kaunti. Linalofuata ni kulifungua, kuanzia mwaka aliozaliwa dada mdogo, na kutafuta jina la baba likiwa pamoja na lile jina la pili.